Bima ya afya kwa wote: tuchangie kwa lazima au kodi ibebe?

Kibarua wa Vingunguti
Wakuu, sheria ya bima ya afya kwa wote bunge lilishaipitisha tangu Novemba 2023. Swali langu ni moja. Mtumishi anakatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri anaongeza 3, hela haijamfika mkononi hivyo haimuumi. Sisi bodaboda na mama ntilie tutakatwa wapi? Nikiamka sijui leo naingiza ngapi. Kodi ya bia na soda ibebe.

Mama Wawili
Kaka, bila lazima haiendi. Toto Afya Kadi, ile bima ya watoto, ilikuwa 50,400 kwa mwaka. Wazazi wengi wakasubiri mtoto augue ndipo wamkatie, na 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasitishwa. Wazima wasipochangia, mfuko unalipia wagonjwa watupu. Halafu tusidanganyane, mchango wa harusi mnatoa laki bila kuhema, ikifika bima ndio mnakumbuka umaskini.

Mpiga Debe Mstaafu
Dada hapo kwenye harusi umenikanyaga. Mke wangu alipofanyiwa operesheni hospitali iligoma kumruhusu mpaka nimalize deni. Nani alilimaliza? Kamati ya harusi ya shemeji yangu! Kundi lilikuwa bado halijavunjwa, nikaandika usiku, asubuhi laki nne na ushee zimeingia. Mchango wa harusi NDIO bima yangu.

Mama Wawili
Na yule asiye na shemeji anayeoa?

Mpiga Debe Mstaafu
Ajifunze kuishi na watu.

Fundi Cherehani
😂😂 Mzee kamaliza. Ila mimi kundi la harusi walinitoa kwa kuchelewesha elfu hamsini, hiyo bima yenu haina hata siku za rehema.

Jirani wa Taveta
Huku Kenya tangu Oktoba 2024 mwajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na mshahara anakadiriwa, haishuki chini ya 300 zetu kwa mwezi, na anatakiwa alipe ya mwaka mzima kwa mpigo. Harambee za bili za hospitali bado tunaitwa kila wiki.

Mpiga Debe Mstaafu
Umeona dada? Hata majirani wanachangishana.

Mama Wawili
Amekwambia bado wanachangishana kwa sababu mambo hayajakaa sawa, mzee wangu, sio kwamba anajisifu.

Nesi wa Zamu
Niko zahanati ya kijiji. CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii, ilikuwa elfu 30 kwa mwaka kaya ya watu sita, na watu walikata. Anakuja bibi na daftari lake kalifunga kwenye mfuko wa rambo lisilowe, namwandikia dawa, dirishani hamna. Inabidi nimwandikie kikaratasi akanunue duka la nje ya geti. Mwaka ukiisha hakati tena. Hapo mtamlaumu kwa harusi gani?

Fundi Cherehani
Watu sita! Mimi nyumbani tuko tisa. Mama mkwe ni wa saba, nani atamwambia?

Mpiga Debe Mstaafu
Nesi, na hilo duka la nje ya geti ni la nani? Tunawajua nyie.

Nesi wa Zamu
Shikamoo yako nairudisha mfukoni. Juzi mama kaja na uchungu, hana hata mipira ya mikono, nimenunua kwa hela yangu. Hapo dukani nami nadaiwa.

Mpiga Debe Mstaafu
Nimekosea, binti yangu. Ila wengine wapo.

Kibarua wa Vingunguti
Jamani mimi ndiye mleta mada. Bodaboda alipe au asilipe?

Fundi Cherehani
Subiri kwanza mkuu. Siku hizi kadi ya mtu mmoja ni shilingi ngapi?

Kibarua wa Vingunguti
Ya bima?

Fundi Cherehani
Ya harusi.