Prednisoloni au vigabatrini kwa mtoto mwenye mishtuko ya kujikunja?

Swali, kutoka kwa mama wa mtoto

Mwanangu ana miezi sita. Kila anapoamka kichwa humwinamia kifuani, mikono humtanuka ghafla na magoti hupanda tumboni kwa sekunde moja au mbili, kisha hali hiyo hujirudia kwa dakika kadhaa, na ikiisha hulia sana. Mwanzoni tuliambiwa ni chango. Sasa kipimo cha umeme wa ubongo kimeonyesha kuwa ni kifafa kiitwacho sindromu ya West, na daktari ametaja prednisoloni na vigabatrini. Jirani yangu anasisitiza kabamazepini, kwa sababu ndiyo iliyomsaidia mwanawe. Naomba kueleweshwa tofauti zake.

Jibu, kutoka kwa daktari wa watoto

Pole sana, mama. Nianze na kabamazepini, kwa kuwa hapo ndipo penye hatari. Huwafaa watoto wengi ambao kifafa chao huanzia sehemu moja ya ubongo, lakini mishtuko ya mwanao kwa kawaida haisikii dawa hiyo, na wakati mwingine huzidi.

Dawa zinazotegemewa ni homoni, yaani ACTH ya sindano au prednisoloni ya kumeza kwa dozi kubwa, na vigabatrini. Katika utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2004, ambao haukuhusisha watoto wenye tuberasi sklerosisi (ugonjwa wa kijenetiki unaootesha vivimbe kwenye ubongo na viungo vingine), mishtuko ilikuwa imekoma baada ya wiki mbili kwa asilimia 73 ya watoto waliopewa homoni na asilimia 54 ya waliopewa vigabatrini. Watoto hao walipofikia miezi 14, tofauti hiyo ilikuwa imetoweka. Hata hivyo, miongoni mwa wale ambao chanzo cha ugonjwa hakikujulikana, waliotumia homoni walikuwa na maendeleo bora zaidi.

Chanzo kikiwa ni tuberasi sklerosisi, vigabatrini ndiyo hutangulia. Mvue mtoto nguo, umkague ngozi penye mwanga wa kutosha: ukiona mabaka meupeupe, hasa yenye umbo la jani jembamba, mwambie daktari kabla hajaandika dawa.

Jibu, kutoka kwa baba wa mtoto aliyetibiwa

Binti yetu alipewa prednisoloni. Jiandaeni, dada yangu, kwani uso wake ulivimba, alitaka kunyonya wakati wote na usiku hakulala wala hakutulia. Tulimpeleka kupimwa shinikizo la damu mara kwa mara, tukamwepusha na watu wenye mafua, na chanjo zenye vimelea hai ziliahirishwa. Msiikatishe dawa hiyo ghafla hata mishtuko ikikoma, kwa maana mwili huwa umepunguza kutengeneza homoni yake wenyewe.

Mama wa mtoto

Ahsanteni sana. Je, haiwezekani kutumia zote mbili kwa pamoja? Nimesikia pia kwamba vigabatrini huharibu macho.

Daktari wa watoto

Inawezekana. Utafiti mwingine, wa mwaka 2017, ulionyesha kuwa mishtuko ilikoma kwa asilimia 72 ya waliopewa dawa zote mbili na asilimia 57 ya waliopewa homoni peke yake, ingawa walipofikia miezi 18 maendeleo yao hayakutofautiana. Kwa hiyo nisingemlaumu daktari atakayechagua njia yoyote kati ya hizo.

Kuhusu macho, ni kweli kwamba vigabatrini inaweza kupunguza uwezo wa kuona pembeni, na madhara hayo hayarudi nyuma. Hatari huongezeka kadiri dawa inavyotumika kwa muda mrefu, ndiyo maana mara nyingi hukomeshwa baada ya miezi sita hivi.

Ninachokuomba ni usiache siku zipite ukitafuta dawa isiyo na kasoro, maana kuchelewa kuanza tiba huhusishwa na maendeleo duni ya mtoto. Tena, mishtuko kupungua hakutoshi. Tunataka ikome kabisa na kipimo cha umeme wa ubongo, kikirudiwa mtoto akiwa usingizini, kionyeshe kuwa vurugu ya mawimbi ya umeme wa ubongo imeondoka. Mrekodi kwa simu kila anapoamka. Wiki mbili zikipita na bado anajikunja, hata mara moja kwa siku, mrudishe bila kungoja tarehe ya kliniki, ili dawa ibadilishwe au iongezwe nyingine.