Tenki lililokatwa la lita 400 uani: nianzeje kufuga samaki?

Mkazi wa Tabata

Habari za kazi, ndugu zangu. Ninaishi Tabata, Dar es Salaam, katika nyumba ya kupanga yenye ua mdogo uliosakafiwa kwa saruji. Nimepata nusu ya chini ya tenki jeusi la maji ambalo lilipasuka juu likakatwa. Upana wake ni mita moja na kimo chake ni sentimita 60 hivi. Ningependa kuligeuza kuwa bwawa dogo lenye mimea kidogo, ili watoto wapate kitu cha kutazama na, ikiwezekana, tupate kitoweo mara moja moja. Mwenye nyumba hana pingamizi, ila jirani yangu ana wasiwasi kwamba nitazalisha mbu, hasa akikumbuka homa ya dengi iliyotusumbua hapa mjini mwaka 2014 na tena mwaka 2019.

Naomba kujua kama maji ya bomba yanafaa, au nitumie ya kisima, ambayo yana chumvi kidogo. Je, ni lazima ninunue pampu ya hewa, ikizingatiwa kwamba umeme hukatika? Na je, niweke perege au wale samaki wadogo wa rangi wanaouzwa kwa ajili ya mapambo? Jua hupiga ua mzima kuanzia saa tatu asubuhi, isipokuwa ukanda ulio chini ya ukuta wa magharibi, ambao huingia kivulini baada ya saa nane mchana. Upande wa pili pana uzio wa minyaa.

Bustani Uani (Morogoro)

Ndugu Mkazi wa Tabata, nianze na kitoweo, kwa sababu ndicho kitakachoamua mengine yote. Tenki lenye upana huo, ukilijaza hadi kimo cha sentimita 50, linabeba lita 390 hivi. Kwa kutazama ni maji mengi, lakini kwa kufugia samaki wa kuliwa ni machache mno. Perege wa kufaa mezani ana gramu 250 au zaidi, hula sana, na huchafua maji kwa kadiri anavyokula. Ukiweka idadi inayotosha mlo wa familia, utahitaji pampu, chujio na umeme usiokatika. Isitoshe, wakiwa dume na jike pamoja, jike huhifadhi mayai na makinda kinywani, kwa hiyo wengi hupona, na baada ya miezi michache chombo hujaa samaki waliodumaa, wakubwa kwa idadi na wadogo kwa umbo. Chagua jambo moja: bwawa la kutazama au mradi wa chakula. Chombo ulicho nacho kinafaa kwa la kwanza.

Kuhusu pampu, jibu linategemea idadi ya samaki kuliko kitu kingine chochote. Oksijeni huingia majini kupitia uso wa maji, ndiyo maana chombo kipana chenye kina kifupi humfaa samaki kuliko pipa jembamba lenye lita zilezile. Maji yanavyopata joto ndivyo uwezo wake wa kubeba oksijeni unavyopungua: yakiwa na nyuzijoto 20 huweza kubeba takriban miligramu 9 kwa lita, lakini yakifika nyuzijoto 30 hushuka hadi 7.5 hivi, wakati ambapo mwili wa samaki nao unahitaji oksijeni zaidi kwa sababu ya joto hilohilo. Usiku, mimea na mwani ambavyo mchana kutwa vilikuwa vikitoa oksijeni huanza kuitumia, hivyo saa ngumu kuliko zote ni alfajiri. Ukiamka kabla ya jua kuchomoza ukawakuta samaki wote wako juu wakitwetea midomo nje, mimina maji kwa ndoo kutoka juu ili yavuruge uso, kisha ufikirie kupunguza samaki. Anayelazimika kutegemea pampu mahali ambapo umeme hukatika amekwisha kuweka samaki wengi kuliko maji yake yanavyoweza kuwabeba.

Kwa sababu hiyo ningependekeza gapi, samaki wadogo wenye asili ya Amerika ya Kusini, ambao huzaa watoto hai, hustahimili joto letu la pwani na hula viluwiluwi vya mbu kwa bidii. Anza na sita tu, kwani wataongezeka wenyewe bila kuombwa. Lakini wasije wakamwagwa mtaroni na kufika Mto Msimbazi, kwa maana samaki wa kigeni aliyetoroka harudishwi.

Tenki liweke chini ya ukuta wa magharibi. Saa tano au sita za jua zinatosha kwa yungiyungi kuchanua, na kivuli cha alasiri kitayaokoa maji yasichemke. Kwa kuwa tenki ni jeusi, lizungushie gunia au mkeka kwa nje, na chini tandika mchanga kidogo, kwani karibu kilo 400 zitakazokaa juu ya kokoto moja iliyosahaulika zitalitoboa.

Fundi wa Maji, Mbagala

Mwenzangu amesema vizuri kuhusu hewa. Mimi niongezee kuhusu maji yenyewe.

Maji ya bomba yanafaa, ila yana klorini, na klorini inayomlinda binadamu dhidi ya vijidudu huunguza mashavu ya samaki. Yaache katika chombo kilicho wazi kwa siku moja au mbili, ukiyakoroga mara kwa mara, nayo itapungua yenyewe. Wanaouza samaki wa mapambo huwa pia na dawa ya kuondoa klorini, ambayo aghalabu ni thaiosulfeti ya sodiamu, na hiyo hufanya kazi papo hapo.

Maji ya kisima chenye chumvi kidogo hayatamwua gapi, lakini yungiyungi hatayapenda, na lipo tatizo jingine ambalo watu wengi hawalioni mapema. Maji yanapokauka kwa jua, chumvi haiondoki pamoja nayo; ukijazia kila wiki kwa maji ya kisima, unaongeza chumvi juu ya chumvi. Kwa kujazia, tumia ya bomba yaliyotulia au ya mvua.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba maji mapya, hata yakiwa safi kabisa, bado hayajawa tayari. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza hiyo kuwa naitreti, ambayo haina madhara makubwa na huliwa na mimea. Bakteria hao hujijenga taratibu kwenye kuta za tenki, kwenye mawe na kwenye mizizi, na kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita kabla hawajatosha. Katika kipindi hicho weka samaki wawili au watatu tu, walishe kidogo sana, na kila wiki ondoa ndoo nne za lita 20 na kurudisha kiasi hicho cha maji yaliyotulia. Hiyo ni karibu sehemu moja ya tano ya maji yote. Maji unayoyatoa yamwagie mchicha. Hakuna mbolea ya bure iliyo bora kuliko hiyo. Usisugue kuta za tenki ukidhani unafanya usafi, maana utakuwa unawaondoa bakteria walewale unaowasubiri.

Kuhusu mbu, jirani yako ana hoja ya haki. Mbu anayeeneza dengi, Aedes, hupenda kutaga katika vyombo vya maji yaliyotulia majumbani, na huyabandika mayai kwenye ukuta wa chombo juu kidogo ya usawa wa maji, ambapo husubiri maji yapande. Kutoka yai hadi mbu anayeruka huchukua takriban wiki moja hadi mbili, kwa hiyo tenki lisikae na maji bila samaki kwa muda mrefu. Kabla hujaleta samaki, lifunike kwa kipande cha chandarua. Samaki wakishaingia, tenki lenyewe halitakuwa tatizo. Geuza macho kwenye visahani vya maua, makopo na matairi, kwa sababu huko hakuna samaki wa kusaidia.

Mfugaji wa Kanda ya Ziwa

Simpingi kabisa ndugu wa Morogoro, lakini kusema chombo hicho hakiwezi kutoa kitoweo ni kukaza mno. Kambale ana kiungo maalumu juu ya mashavu kinachomwezesha kuvuta hewa moja kwa moja kutoka juu ya maji, na ndiyo maana huishi katika madimbwi ambayo sato angekufa. Mtu akiweka kambale wachache wa umri mmoja, akabadilisha maji kwa bidii, atawala. Vifaranga vya kuaminika hupatikana katika vituo vya serikali vya ukuzaji viumbe maji, kama kile cha Kingolwira, Morogoro.

Nakubali hata hivyo kwamba si samaki wa kupamba ua. Maji yake huwa ya tope, hula samaki wengine wadogo, na wenzake pia wakipishana ukubwa. Usiku wa mvua hutoka na kutambaa sakafuni kutafuta maji mengine. Bila kifuniko cha wavu kilichofungwa, asubuhi utamwokota mlangoni.

Bibi wa Mwera (Unguja)

Mwanangu, kifuniko ni cha lazima hata ukifuga gapi, na si kwa ajili ya samaki. Mtoto mdogo huweza kuzama katika maji yanayofika magotini tu. Tumia wavu wa chuma wenye fremu ya mbao, uzito wake ustahimili mtoto kuuegemea, nao utawazuia pia paka na kunguru, hawa kunguru weusi walioletwa huku Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 na sasa wametapakaa pwani nzima.

Nimeona pia umetaja minyaa. Utomvu wake mweupe ni sumu ya samaki. Wavuvi wa zamani waliutumia, kama walivyotumia utupa, kulevya samaki katika madimbwi. Siku ya kupunguza uzio funika tenki kwa turubai, ufagie kila kijiti, na usinawie mikono humo.

Na kwa kuwa unao watoto, wasimulie kwamba huku Unguja tuna samaki wetu mdogo wa rangi, ambaye wataalamu humwita Nothobranchius guentheri, anayeishi katika madimbwi ya mvua na hapatikani kwa asili mahali pengine duniani. Dimbwi likikauka wakubwa hufa wote, mayai hubaki hai ndani ya udongo mkavu, na mvua zikirudi huanguliwa. Simshauri mtu amchukue kumweka katika tenki lisilokauka, kwani mayai yake yanahitaji kipindi cha ukavu, na madimbwi yake yanazidi kufukiwa na ujenzi.

Mkazi wa Tabata

Shikamoo bibi, na asanteni nyote. Nimeamua: gapi, yungiyungi, hakuna kambale. Yamebaki mawili. Kwanza, masika yakianza mwezi wa tatu tenki litafurika, nifanyeje? Pili, mwisho wa mwaka huwa tunakwenda kijijini kwa wiki mbili. Rafiki mmoja amenipa gugumaji akisema litasafisha maji na kuwapa samaki kivuli, je, nilikubali?

Bustani Uani (Morogoro)

Gugumaji likatae, hata kama maua yake yanapendeza. Mmea huo umelisumbua Ziwa Victoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na katika tenki lako utafunika uso wote, ukizuia hewa niliyoieleza hapo juu. Yungiyungi mmoja katika chungu cha udongo usio na mbolea, uliofunikwa changarawe juu, atatosha. Acha nusu ya uso wa maji iwe wazi.

Kwa mafuriko, toboa tundu sentimita kumi chini ya ukingo, upitishe kipande cha bomba la plastiki, na mdomo wa ndani uuzibe kwa wavu laini ambao kitoto cha gapi hakipiti. Elekeza bomba hilo kwenye bustani na si mtaroni. Kagua wavu kila baada ya mvua kubwa, kwa sababu majani huuziba na maji hutafuta njia ya juu.

Kuhusu safari, gapi waliokomaa katika tenki lenye mimea na mwani huweza kukaa wiki mbili bila kulishwa na mtu. Hatari kubwa ni jirani mwema anayewamwagia konzi ya chakula kila siku, kikaoza. Mwombe ajazie maji ya bomba yaliyotulia pale yanaposhuka, na chakula ukifungie kabatini.