Tupeane uzoefu: ugomvi wa mezani siku ya sikukuu, kwenu huanzishwa na nani?

MtotoWaKihamba
Wakuu, jana usiku nimeirudia ile Seinfeld, vichekesho vya runinga vya Marekani, ya Desemba 1997, ile ya sikukuu ya Festivus. Kwa ambao hawakuiona: mzee Frank Costanza, baba yake George, aliwahi kugombania mwanasesere dukani na mwanamume mwingine, akimtakia mwanawe. Zikapigwa mpaka mwanasesere akaharibika. Mzee akaichoka Krismasi, akabuni sikukuu yake ya tarehe 23 Desemba. Mti wenye mapambo hakuna, kuna nguzo tupu ya alumini. Watu wakishakaa mezani, mzee anaanza kuwasomea walivyomuudhi mwaka mzima. Halafu mieleka, na sikukuu haiishi mpaka baba mwenye nyumba abwagwe chini.

Mimi kilichonichekesha ni ugomvi kuwekewa ratiba. Kwetu Marangu unajileta wenyewe. Mwaka mmoja tarehe 25 mbuzi kashachinjwa, baba anakata kidari, baba mdogo katoka kuzunguka migombani kukagua masale, ile mimea ya mpaka: "Kaka, hili sale nani kalihamisha?" Baba hakujibu. Aliweka kisu chini, akapangusa mafuta kwenye jani la mgomba taratibu, kidole kimoja kimoja. Sisi watoto tukajua imeisha hiyo. Yakafukuliwa maneno ya tangu babu yuko hai, pombe ya mbege ikalala kwenye pipa.

Miaka miwili hawakusalimiana. Krismasi ya tatu baba mdogo akaja na jani la sale mkononi, na Mchagga akiletewa sale hana budi kusamehe. Baba akalipokea, akaligeuzageuza, akauliza: "Umelichuma upande wangu au wako?"

Haya, leteni za kwenu.

BintiMvita
Hahaaa, huyo baba! Kwetu Mombasa vita huanza hata sikukuu haijafika: mwezi. Ami anafuata Saudia, babu anasubiri uonekane huku huku. Mwaka mmoja ami katuingilia saa tatu asubuhi, kanzu imepigwa pasi, udi unanukia, "Idd Mubarak!" Babu yuko barazani na tasbihi yake, kafunga. Hakuitikia. Ami naye akaketi pale pale akaagiza kahawa, akainywa kwa sauti. Mama alipika pilau siku mbili mfululizo mwaka huo na hajasahau mpaka leo.
Sisi watoto hatukuwa na upande. Mkono wa Idd tuliupokea leo kwa ami na kesho kwa babu.

Dada wa Ohio
Mleta mada, kwa Wamarekani mimi ninayoiheshimu zaidi ni ile ya kipindi cha All in the Family ya Krismasi ya 1976. Archie Bunker, baba mwenye nyumba, anagundua kwamba mgeni aliye mezani kwake alikimbilia Kanada kukwepa vita vya Vietnam. Anafoka mpaka mishipa inamtoka. Yupo pale rafiki yake ambaye mwanawe alifia vitani. Kila mtu anamngoja huyo mzee aseme neno, na yeye anampa yule kijana mkono. Ukiitazama unasahau kama ni vichekesho.

Mimi nimeolewa huku. Thanksgiving yangu ya kwanza, sikukuu yao ya shukrani, baba mkwe na shemeji walivurugana kwa siasa mpaka shemeji akasukuma sahani akatoka nje. Nikajifungia chooni nalia, nikijua ukoo umevunjika na mimi ndiye bibi harusi mwenye mkosi. Nusu saa baadaye natoka, nawakuta wamebanana kwenye kochi moja wanawazomea Lions wa Detroit, timu ya mpira, kwenye runinga. Kwetu ile ingetaka kikao, wazee watatu na faini.

Fundi Kimya
Nilijaribu hiyo Festivus nyumbani kwangu. Msijaribu. Desemba iliyopita, baada ya chakula, nikasema kwa utani kila mtu atoe dukuduku lake tuumalize mwaka. Kimya. Shangazi akafungua mkoba, akavaa miwani. Alikuwa na karatasi! La kwanza: harusi yangu ya 2009, hakupewa sare. La pili sijalisikia vizuri kwa sababu mke wangu alikuwa ananikanyaga chini ya meza. Tulifika la tisa, umeme ukakatika, nikamshukuru Mungu. Akawasha tochi ya simu.

MtotoWaKihamba
Nimecheka kama mwehu. Mkuu, hiyo Festivus yenyewe ilitoka kwenye nyumba ya kweli. Mmoja wa waandishi wa kipindi kile, Dan O'Keefe, alikulia ndani yake. Baba yake aliianza 1966. Nguzo haikuwepo, kulikuwa na saa iliyotiwa ndani ya mfuko. Na malalamiko ya familia mzee alikuwa akiyarekodi kwenye kanda.

Fundi Kimya
Futa hiyo ya kanda haraka. Shangazi anasoma humu.