Dodoso la haiba kwa kidato cha nne: alfa iko chini na uhusiano na matokeo umekuja hasi

mtafiti_wa_kata

Wakuu, naomba msaada wa wanaojua vipimo. Tasnifu yangu ya uzamili inauliza: kati ya uwezo wa akili na haiba (hasa bidii na uwajibikaji), kipi kinatabiri zaidi ufaulu katika sekondari za kata? Uwezo napima kwa Raven Standard Progressive Matrices (mafumbo ya michoro). Haiba napima kwa BFI (Big Five Inventory, dodoso la sehemu tano za haiba, bidii ikiwa mojawapo) ya maswali 44, tafsiri ya Kiswahili, majibu 1 hadi 5. Ufaulu ni pointi za masomo saba bora kwenye mtihani wa utamilifu.

Katika upimaji wa awali, alfa ya Cronbach (kipimo cha maswali kukubaliana yenyewe kwa yenyewe, 1 ikiwa juu kabisa) ya bidii iko chini ya 0.5. Uhusiano wa bidii na pointi ni hasi, na wa Raven na pointi ni hasi pia. Msimamizi anaona haiba haina mchango katika mazingira yetu, kwa hiyo niitoe na niweke mitindo ya kujifunza. Mpango ni shule 4, wanafunzi 75 kila shule. Nifanyeje?

---

Mizani

Usitoe kitu kwanza. Hiyo hasi ndiyo habari njema kwenye ujumbe wako. Kwa pointi zetu A ni 1 na F ni 5, kwa hiyo masomo saba bora yanaanzia 7 kwa aliyefaulu sana na kuishia 35 kwa aliyeshindwa kabisa. Mwenye bidii kubwa akipata pointi chache, uhusiano lazima uje hasi. Geuza: 42 toa pointi za mwanafunzi. Bora zaidi, omba shuleni alama zenyewe kwa asilimia. Aliyepata 45 na aliyepata 64 wote ni C, wote pointi 3, na tofauti ya alama 19 imefutika kabla hujaanza uchambuzi.

Sasa alfa. Bidii kwenye BFI ina maswali 9, na 4 kati yake ni ya kinyume. Hayo hugeuzwa kwa 6 toa jibu. Usipoyageuza, au ukigeuza moja kwa makosa, alfa inaporomoka. Tazama safu ya uhusiano wa kila swali na jumla ya mengine: swali lenye hasi ama halijageuzwa ama tafsiri yake imepinda.

Kama yote yamegeuzwa na bado iko chini, mshukiwa wa pili ni tabia ya kukubali kila kitu. Mwanafunzi anazungushia 4 kwenye "Namaliza kazi niliyoianza", kisha 4 tena kwenye "Huwa naacha kazi katikati". Ukigeuza, anabaki na 4 na 2, na maswali mawili yaliyopaswa kwenda pamoja yanavutana. Hili si la kwako peke yako. Laajaj na wenzake (2019) walichambua data za haiba kutoka nchi 23 za kipato cha chini na cha kati, wakaona maswali haya ya kawaida mara nyingi hayapimi yanachodai kupima, na tabia hiyo ya kukubali ni sababu mojawapo. Gurven na wenzake (2013) waliitumia BFI kwa Watsimane, jamii ya wenyeji wa Bolivia, na zile sehemu tano hazikujitokeza kama inavyotarajiwa.

Marekebisho yapo. Kabla ya kugeuza chochote, yapange maswali 16 ya kinyume na wenzao 16 wa upande wa pili katika sehemu ileile ya haiba. Tafuta wastani wa mwanafunzi kwenye hayo 32. Kama ni 3.6, amezidisha 0.6 juu ya katikati. Punguza 0.6 kwenye kila jibu lake, ndipo ugeuze na kujumlisha.

Halafu rudia tafsiri ya maswali ya kinyume, maana ndiko kunakoharibika zaidi. "Mimi si mtu wa bidii", ikijibiwa "sikubali", inamlazimisha kijana kukanusha kanusho. Taja tendo lenyewe: "Huanza kujisomea siku moja kabla ya mtihani." Kaa na wanafunzi kama wanane, mmoja mmoja, umuulize kila mmoja swali amelielewaje na kwa nini amechagua jibu hilo. Baada ya hapo mtu mwingine, asiyeiona asili, airudishe tafsiri kwenye Kiingereza mlinganishe.

---

takwimu_taratibu

Naongezea upande wa sampuli, na hapa kuna jambo kubwa kuliko alfa: swali lako lenyewe.

Uchambuzi wa Poropat (2009), uliojumlisha tafiti nyingi, ulikuta bidii na ufaulu vina uhusiano wa takriban 0.2, na uwezo wa akili takriban 0.25. Kuona uhusiano wa 0.2 kwa uwezekano wa asilimia 80 unahitaji wanafunzi kama 194. Hao unao. Lakini kuthibitisha kwamba 0.25 *inazidi* 0.2 kunadai maelfu ya wanafunzi, kwa sababu tofauti ya 0.05 inamezwa na makosa ya sampuli. Ukiandika "kipi zaidi", tasnifu itakwama kwenye utetezi. Andika hivi: je, bidii inaongeza nini juu ya kile ambacho Raven imeshaeleza? Hilo linajibika. Rigresheni kwa hatua: kwanza shule, jinsi na umri, kisha Raven, mwisho bidii. Ripoti ongezeko la R² (sehemu ya tofauti za ufaulu iliyoelezwa) kila hatua. Poropat aliona mchango wa bidii haupungui sana hata uwezo wa akili ukishazingatiwa, kwa hiyo una msingi mzuri wa kutarajia kitu.

Shule 4 ni chache mno. Wanafunzi wa shule moja wanafanana: walimu walewale, maabara ileile au kukosekana kwake. Kanuni ya kujua sampuli inapungua uzito mara ngapi ni 1 + (m − 1) × ICC, m ikiwa idadi ya wanafunzi kwa shule na ICC ikiwa kiwango cha kufanana kwao. Chukua ICC ya 0.2 kwa mfano. Shule 4 zenye 75 zinatoa 15.8, yaani wanafunzi wako 300 wana uzito wa kama 19. Shule 20 zenye 15 zinatoa 3.8, na 300 walewale wana uzito wa kama 79. Hesabu hii inabana hasa wastani na vigezo vya shule. Uhusiano wa ndani ya shule haupotezi kiasi hicho, mradi utoe wastani wa shule kwenye kila kipimo cha mwanafunzi. Hata hivyo, kwa shule 4 huwezi kabisa kusema lolote kuhusu shule.

Usichanganye na shule za vipaji maalumu ukidhani unapata "wanafunzi bora". Huko wamechujwa kwa akili. Ikiwa mtawanyiko wa Raven umebaki nusu ya ule wa kawaida, uhusiano wa 0.50 unashuka mpaka kama 0.28 bila akili kupoteza umuhimu wowote.

Na ile alfa: uhusiano halisi ukiwa 0.30, dodoso lenye alfa ya 0.45 na mtihani wenye uthabiti wa 0.85, utakachokiona ni 0.19. Msimamizi anaposoma "haina mchango", anasoma udhaifu wa kifaa.

---

Bi_Saikometria

Mitindo ya kujifunza achana nayo, mwanangu. Pashler na wenzake (2008) walionyesha ushahidi unaotakiwa: wa "kuona" wafaulu zaidi kwa njia ya kuona, na wa "kusikia" wafaulu zaidi kwa njia yao, katika jaribio la kuwagawa kwa bahati nasibu. Ushahidi wa kutosha wa namna hiyo hawakuupata.

Kuhusu Raven: maswali 60, seti A hadi E zenye 12 kila moja. Maelekezo yatoe kwa Kiswahili, fanyeni pamoja mifano ya mwanzo ubaoni, na usiharakishe watu. Mtoto ambaye hajawahi kukutana na fumbo la michoro anaweza kupoteza seti A kwa ugeni tu. Sternberg na wenzake (2002) walilishughulikia hili Bagamoyo: walipima watoto wa shule, wakawafundisha mbinu kwa muda usiofika saa moja, wakawapima tena. Alama zilipanda, na zile za baada ya mafunzo zilitabiri vipimo vingine vizuri kuliko za mwanzo. Ukiweza, wape kundi dogo zoezi la namna hiyo.

Kumbuka pia kwamba mtihani wako wa ufaulu uko kwa Kiingereza. Kijana mwenye hoja nzuri na Kiingereza kibovu atakuwa juu kwenye Raven na chini kwenye Biolojia. Weka kipimo kifupi cha ufahamu wa Kiingereza katika hatua ya kwanza ya rigresheni.

---

mtafiti_wa_kata

Nimeelewa, asanteni sana. Je, badala ya mwanafunzi kujipima bidii, mwalimu wa darasa akiwapima?

---

Bi_Saikometria

Mtumie pamoja na mwanafunzi, si badala yake. Mwanafunzi hujilinganisha na wenzake wa darasani, kwa hiyo 4 ya shule moja inaweza kuwa 3 ya nyingine. Mwalimu naye hutazama alama: anayeongoza darasa ataitwa mwenye bidii hata kama hajitumi. Kwa hiyo mwalimu ajaze kabla ya matokeo ya utamilifu kutoka, na awe anayewafahamu kwa muhula mzima angalau. Duckworth na Seligman (2005) walichanganya maelezo ya mwanafunzi, mzazi na mwalimu, pamoja na uchaguzi wa zawadi ndogo sasa au kubwa baadaye. Wewe ongeza kitu kinachohesabika: siku za mahudhurio kwenye rejista na idadi ya mazoezi yaliyokusanywa kwenye madaftari. Badili kila kimoja kiwe alama sanifu (toa wastani, gawa kwa mchepuko sanifu), kisha tafuta wastani.

Vibali pia: barua ya chuo, ofisi ya mkoa na halmashauri, kisha mkuu wa shule. Walio chini ya miaka 18 wanahitaji ridhaa ya mzazi na ya mtoto mwenyewe. Kwenye fomu weka namba, si jina. Orodha ya kuunganisha namba na majina ibaki kwako. Alama ya Raven ya mwanafunzi mmoja mmoja usimpe mwalimu, hata akiomba kwa nia njema, kwa sababu itamfuata mtoto huyo mpaka amalize shule.