Burke kwa msomaji wa kawaida: nianzie wapi?

Mchambuzi
Wakuu, naandaa kijitabu cha kurasa 40 cha kueleza hoja za Edmund Burke, mwanasiasa na mwandishi wa Uingereza wa karne ya 18, katika kitabu chake cha 1790 kuhusu Mapinduzi ya Ufaransa. Walengwa ni watu wa kidato cha nne. Rasimu inafuata mpangilio wa Burke mwenyewe, na wasomaji wa majaribio wanaishia ukurasa wa sita. Tatizo ni lugha au mpangilio?

Mfasiri
Mpangilio. Kile kitabu ni barua ndefu kwa kijana Mfaransa, haina sura hata moja. Inaanza kwa kumjibu mchungaji Richard Price, aliyehubiri London tarehe 4 Novemba 1789, na ugomvi wao ni juu ya yaliyotokea Uingereza mwaka 1688, Mfalme James II alipoondolewa madarakani. Asiyejua 1688 anachoka hapo hapo. Sehemu hiyo isogeze mwisho.

Anza na pesa. Novemba 1789 Bunge la Ufaransa lilitwaa mali ya Kanisa, kisha likatoa noti za assignat kwa dhamana ya mali hizo. Burke alionya mapema kuhusu noti zile, na baadaye thamani yake ikaporomoka kweli. Aliyewahi kuona bei ya unga ikipanda kila wiki hahitaji maelezo zaidi.

Sentensi zake nazo ni ndefu mno. Tafuta kitenzi kikuu, kipe sentensi yake, mengine yafuate moja moja. Ukifuata mikato yake utapata msururu wa "ambaye" na "ambayo" mpaka msomaji asahau nani kafanya nini.

Wakili wa Pwani
Lugha nayo ina lawama. Neno lake la Kiingereza prejudice ukiliandika "chuki" au "ubaguzi", Burke anageuka mtetezi wa ubaguzi. Anachotetea ni maoni ya kurithi, ambayo mtu huyatumia bila kuyapima upya kila asubuhi. "Busara ya mazoea" inakaa vizuri.

Haki itokanayo na kumiliki kwa muda mrefu, ambayo Burke pia anaitetea, ina mfano kwa Wakenya: aliyekalia shamba waziwazi miaka 12 bila idhini ya mwenyewe anaweza kulidai mahakamani. Si kitu kile kile, ila ni ndugu yake, na kanuni yenyewe ilitoka Uingereza.

"Mhafidhina" liangalie. Kwenye siasa za Zanzibar ni karibu tusi, na Burke hakujiita hivyo. Alikuwa Whig, yaani wa kundi la siasa lililotaka mamlaka ya mfalme yawe na mipaka; mwaka 1775 akataka suluhu na makoloni ya Marekani, baadaye akaongoza mashtaka dhidi ya Warren Hastings, aliyekuwa gavana mkuu wa Waingereza huko India, kwa dhuluma za huko. Hayo yawe ukurasa wa kwanza.

Kabati la Vitabu
Ile nukuu anayosingiziwa Burke, kwamba watu wema wakikaa kimya uovu hushinda, haimo katika maandishi yake. Itoe. Aliyoandika kweli ni kwamba dola isiyo na njia ya kubadilika haina njia ya kujihifadhi.

Usimfichie udhaifu pia. Anamlilia Malkia Marie Antoinette kurasa nzima. Thomas Paine, mwandishi aliyetetea Mapinduzi, akamjibu 1791 kuwa anahurumia manyoya, amemsahau ndege anayekufa: yaani analilia fahari ya wakubwa, anasahau mateso ya watu. Waweke ukurasa mmoja.

Ila kwa Price napingana na Mfasiri. Bila 1688, hoja ya Burke kwamba jamii ni mkataba wa waliokufa, walio hai na watakaozaliwa inaelea hewani. Nusu ukurasa mwanzoni inatosha.

Mchambuzi
Shukrani. Huo mkataba naweza kuuita "ubia"?

Kabati la Vitabu
Ubia ndio hasa. Lakini ongeza onyo lake mwenyewe: si ubia wa pilipili manga na kahawa, kitambaa cha kaliko au tumbaku, ambao wabia huuvunja wakijisikia.