Masi na duara la saba

Kundi: Majirani Ganjoni, gorofa 1 hadi 4

Jumamosi, 18 Novemba 2023

14:06 Baba Rukia: Assalaam alaykum majirani. Maji ya mvua pale maegeshoni yameshatoka, fundi amezibua mtaro. Petroli ya jenereta imebaki kidogo sana. Kuna mwenye haja nayo kesho?

14:09 Hansaben: Mimi, Baba Rukia, tafadhali. Kesho saa tano unusu asubuhi ni fainali ya Kombe la Dunia la kriketi, India na Australia, kule Ahmedabad. Itakwenda mpaka jioni. Petroli nitalipa yote mimi. Nakuomba tu ikatike umeme dakika moja, isiwe mbili.

14:10 Baba Rukia: Usijali dada. Nitaijaza leo hii.

14:11 Kevo: Masi Hansa, kumbe ni siku nzima? Nielezee basi, mimi najua mpira wa miguu tu.

14:15 Hansaben: Mwanangu, kila upande hupewa ova 50, na kila ova ni mipira sita. Kwa hiyo mipira 300 kwenu na 300 kwetu. Upande mmoja unapiga na kukusanya mikimbio, mwingine unarusha na kutafuta wiketi kumi, yaani kuwatoa wapigaji kumi. Halafu wanabadilishana. Aliyekusanya zaidi ndiye bingwa. Mengine nitakuonyesha ukija, yanaingia kwa macho kuliko kwa maneno.

14:17 Kevo: Na India wako vipi?

14:19 Hansaben: Mechi kumi, ushindi kumi. Hakuna aliyetugusa. Australia wenyewe tuliwafunga tarehe 8 Oktoba kule Chennai, wakatoka kwa 199. Jumatano kwenye nusu fainali tulipiga 397, na Kohli akafikisha mia yake ya 50, yaani mikimbio mia katika mechi moja, mbele ya macho ya gwiji wetu Tendulkar aliyekuwa na 49. Akamwinamia pale pale uwanjani, na mtu mzima mimi nikalia.

14:20 Kevo: Kumi kwa kumi! Basi kombe lenu hilo Masi. Presha ya nini?

14:34 Hansaben: Ngoja nikwambie presha ya nini. Nilikuwa mdogo, tunakaa Makupa, mama yangu akitusimulia hadithi za Mahabharata, utenzi wetu wa kale wa vita, usiku tukichambua mchele. Kulikuwa na kijana jina lake Abhimanyu, mwana wa shujaa Arjuna, miaka kumi na sita. Siku moja, angali tumboni, Arjuna alikuwa akimweleza mkewe Subhadra namna ya kuvunja chakravyuha. Hilo ni jeshi lililopangwa kwa maduara, duara ndani ya duara, na yanazunguka. Sisi Wagujarati husema ni maduara saba. Mtoto tumboni akasikia yote: duara la kwanza unaingiaje, la pili unaingiaje. Lakini mama akapitiwa na usingizi kabla baba hajafika kwenye habari ya kutoka. Arjuna akanyamaza. Mtoto akazaliwa anajua kuingia, kutoka hajui.

14:38 Hansaben: Siku ya kumi na tatu ya vita adui akapanga duara lile, na Arjuna amevutwa mbali upande mwingine. Hakuna wa kulivunja ila kijana. Bibi yake Kunti akamfunga uzi mkononi, akaenda. Aliingia, mwanangu! Hakuna aliyemzuia. Alivunja duara moja baada ya jingine kama mtu anayefungua milango ya nyumba yao. Walipomvunjia upinde na gari akang'oa gurudumu la gari lenyewe akapigana nalo. Lakini alikuwa ndani, peke yake. Hakutoka.

14:39 Hansaben: Ndiyo India hiyo. Kuingia tunajua.

14:41 Mama Achieng: Eh, Hansaben. Umenigusa. Tangu 2013 hawajachukua kombe lolote kubwa, sivyo?

14:47 Hansaben: Tangu 2013, Mama Achieng. 2015 tukafika nusu fainali, Australia wakatufungia Sydney. 2019 tukaongoza msimamo, tukafika Manchester, New Zealand wakatutoa kwa mikimbio 18. Dhoni, mpigaji wetu, alikimbia akajinyoosha, gongo likabaki nyuma ya mstari kiasi cha vidole viwili tu. Vidole viwili! Hadi leo nikifumba macho naliona lile gongo. Na Juni mwaka huu huu, fainali ya mechi za siku tano pale London, Australia tena. Kila mara tunaingia vizuri kuliko wote.

14:49 Kevo: Sasa naelewa. Kumbe kumi kwa kumi ndiyo inayokutisha.

14:50 Hansaben: Ndiyo. Hayo ni maduara tuliyokwisha kuvunja. Limebaki moja, na ndilo la kutokea.

15:12 Mama Achieng: Kakangu alikuwa akicheza klabu Nairobi, kwa hiyo kriketi kwetu haikuwa ngeni. Kevo, wewe mdogo, hujui. 2003 Kenya tulifika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Tuliwapiga Sri Lanka hapa hapa Nairobi, Collins Obuya akachukua wiketi tano. Na kabla ya hapo 1996, kule Pune, India, tuliwafunga West Indies. Sisi tulipiga 166 tu, wao wakaisha kwa 93! Kakangu alikimbia barabarani bila viatu.

15:14 Kevo: Kenya?? Nusu fainali ya dunia?

15:15 Mama Achieng: Na tulicheza na nani hiyo nusu fainali? India. Durban. Hansaben, sijawahi kukuuliza, siku ile ulishangilia nani?

15:22 Hansaben: Kenya. Mimi nimezaliwa Mombasa, mama yangu amezaliwa Mombasa. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mwandishi wa hesabu za mechi klabuni, na nyumbani pia alikuwa akiandika kila mpira kwenye daftari lake. Nimelifungua sasa hivi. Ukurasa wa tarehe 20 Machi 2003: India 270, Kenya 179. Jina la Tikolo, nahodha wa Kenya, amelipigia mstari mara mbili, mikimbio 56. Pembeni ameandika kwa Kigujarati, "Watoto wetu wamefika."

15:25 Hansaben: Ukurasa wa pili yake ni tarehe 23 Machi, fainali Johannesburg, India na Australia hawa hawa. Ponting, nahodha wao, 140 na hakutoka. Australia 359. Tendulkar alitoka ova ya kwanza kabisa, na hapo penseli imebonyeza mpaka karatasi imetoboka. Lakini aliandika mpaka wiketi ya mwisho. Watoto wote walikwenda kulala kwa hasira, yeye akakaa akaandika. Penseli ile ile bado imefungwa kwa uzi kwenye daftari. Kesho nitaandika mimi.

15:31 Mama Achieng: Nitakuja kukaa nawe.

17:40 Kevo: Masi nimekuwa nikisoma soma. Huyu Maxwell wa Australia ni mtu kweli? Siku ya Afghanistan.

17:46 Hansaben: Niliiona yote. Walikuwa wanatafuta 292, wakawa 91 na wiketi saba zimeanguka. Umeshakufa hapo. Maxwell misuli ikamkaza mwili mzima, akaanguka chini kama gunia, hawezi kukimbia, hawezi hata kusogeza miguu. Akasimama pale pale alipo akapiga kwa mikono tu. 201. Cummins, mwenzake, upande wa pili analinda, mipira 68 kwa mikimbio 12. Walishinda.

17:58 Bi. Mwanakombo: Huyo ni Liongo kisimani.

17:58 Kevo: Shikamoo Bi. Mwanakombo. Liongo yupi?

18:09 Bi. Mwanakombo: Marahaba. Fumo Liongo, mwanangu, wa huku kwetu Ozi na Pate. Silaha haimwingii, ila sindano ya shaba kitovuni. Mwanawe wa kumzaa alitumwa akamchoma amelala. Liongo akaamka, akachukua uta wake, akatoka akenda mpaka kisimani, akapiga goti, akavuta uta na mshale umo. Na pale pale roho ikatoka. Lakini nani ajue? Siku ngapi watu hawateki maji, wanamuona amepiga goti na mshale umewaelekea. Amekufa, na bado mji mzima unamwogopa. Ndiye huyo Maxwell wenu, amesimama bila miguu na Afghanistan wanaona kiu.

18:12 Hansaben: Bi. Mwanakombo, umenisisimua mwili wote.

18:15 Mama Achieng: Kwa hiyo kesho ni kumchunga Maxwell.

18:24 Hansaben: Hapana. Maxwell siku yake amekwisha kuitumia. Mimi namwogopa mwingine. Mnajua kwa nini Abhimanyu aliingia peke yake? Ami zake wote walikuwa nyuma yake, waingie naye. Akatokea Jayadratha wa upande wa adui akaziba pengo. Hakuwa shujaa mkubwa wa vita vile. Lakini alikuwa na dua moja aliyopewa, kwamba siku moja tu ataweza kuwazuia wote. Siku moja. Australia kila mara wana mtu wa siku moja. Johannesburg alikuwa Ponting. Juni pale London alikuwa Travis Head, alitupiga 163. Mkono ulimvunjika mwezi Septemba, mechi za mwanzo hakucheza, karudi akapiga mia siku ya kwanza tu. Juzi nusu fainali karibu awamalize Afrika Kusini peke yake. Jina hilo nikilisikia tumbo linanivuta.

18:26 Kevo: Sisi tuna nani wa kumjibu?

18:31 Hansaben: Shami, mrushaji wetu. Hanuman, yule nyani shujaa wa Ramayana, alikuwa na nguvu za kuruka bahari lakini alikuwa amezisahau, mpaka mzee Jambavan alipomkumbusha pale ufukweni. Shami mechi nne za mwanzo alikaa benchi. Mwenzake Pandya akaumia, ndipo Shami akakumbukwa. Mpira wake wa kwanza kabisa, wiketi. Leo ana wiketi 23 kwa mechi sita, saba zikiwa za Jumatano pekee. Aruke na kesho, Bhagwan, Mungu, akipenda.

21:05 Mama Achieng: Mmesikia maneno ya Cummins, nahodha wao? Kwamba hakuna raha kama kusikia uwanja mkubwa umenyamaza. Uwanja wenyewe unabeba watu 132,000.

21:09 Hansaben: Nimesikia. Sijapenda. Mtoto wa dada yangu amepata tiketi, yuko Ahmedabad tangu juzi. Amenitumia sauti sasa hivi: wanauza jezi za bluu barabarani mpaka hazionekani rangi nyingine, na watu wamelala nje ya stesheni. Nikamwambia, mwanangu, imba. Ukiishiwa na sauti piga makofi.

21:30 Bi. Mwanakombo: Hansa, shoga yangu, upo macho?

21:31 Hansaben: Nitalala wapi mimi.

21:44 Bi. Mwanakombo: Basi sikiliza. Huyo Abhimanyu wako alijua kuingia. Liongo wetu alijua kutoka. Kabla ya kuuawa alifungwa gerezani Pate, minyororo na walinzi mlangoni. Kila mamake akimpelekea chakula kizuri walinzi wanakila. Liongo akatunga wimbo, akamfundisha Saada, mjakazi, aende auimbe kwa mama: apike mkate wa wishwa, ndani yake atie tupa. Saada akaja na mikate. Walinzi wakala mizuri, wakamtupia yeye wa wishwa. Akaumega, tupa hii hapa. Lakini tupa ikikata chuma inalia, watasikia. Akaomba wampigie gungu watu wa mji, matoazi, ngoma, na yeye kule ndani anawaimbisha. Wanaimba, anakata. Wanapiga makofi, anakata. Wimbo ulipokwisha minyororo iko chini.

21:46 Bi. Mwanakombo: Sasa huyo nahodha akitaka watu wanyamaze, wewe jua kwa nini anataka. Kelele ndiyo inayoficha tupa.

21:53 Hansaben: Bi. Mwanakombo.

21:53 Hansaben: Mama yangu alisinzia hapo hapo kila mara. Akifika Abhimanyu kuzungukwa anakuwa hoi na usingizi, na sisi tunalala na hofu. Leo ndio nasikia namna ya kutoka, na nina miaka 68.

21:55 Bi. Mwanakombo: Lala sasa. Kesho naleta mofa.

Jumapili, 19 Novemba 2023

08:20 Baba Rukia: Jenereta imejaa. Nimeiwasha kuijaribu, iko sawa.

08:22 Hansaben: Mungu akuzidishie. Rukia na wadogo zake wamekuja, nimewafunga uzi mwekundu mkononi kila mmoja kwa idhini ya mama yao. Kevo na wewe ukipanda njoo na mkono wako.

08:40 Mama Achieng: Nakaa wapi? Nisije nikakaa kiti kibaya.

08:43 Hansaben: Kiti cha dirishani, ulipokuwa Jumatano Kohli anapiga. Bi. Mwanakombo kochi refu, mwisho wa kulia. Kiti cha mume wangu nakaa mimi na daftari. Nimechonga penseli.

10:15 Kevo: Nimepata ngoma kwa jamaa wa Majengo. Ni kubwa. Naruhusiwa?

10:16 Baba Rukia: Kawaida ya jengo ni kimya Jumapili.

10:17 Baba Rukia: Leo piga.

10:50 Hansaben: Nikiuliza kwa dhati nataka nini, si kombe tu. Nataka kumwona Rohit, nahodha wetu, akilishika, maana 2011 walimwacha nje ya timu na 2019 alipiga mia mara tano akarudi mikono mitupu. Nataka Dravid, aliyekuwa uwanjani siku ile Johannesburg na leo ni kocha, apumue. Nataka ukurasa wa leo niuweke mbele ya ule wa 2003, na penseli hii hii.

11:01 Mama Achieng: Wamerusha sarafu. Cummins ameshinda. Amechagua kurusha kwanza.

11:02 Kevo: Hiyo ni mbaya?

11:04 Hansaben: Sisi ndio tunaanza kupiga. Tunaingia kwanza, kama kawaida yetu. Uwanja mzima ni bluu, na wanaimba, namsikia mpaka mtoto wa dada yangu kwenye simu. Bi. Mwanakombo, wanaimba!

11:05 Bi. Mwanakombo: Niko ngazini na mofa. Magoti tu haya.

11:06 Kevo: Nakuja kukubebea, Bi. Subiri hapo.

11:27 Hansaben: Rohit na Gill wanatoka. Nimeandika tarehe, nimeandika majina kumi na moja na kumi na moja. Kevo, anza ngoma, usisubiri mikimbio. Mlango sijaufunga, mlio chini pandeni. Starc wa Australia ameshika mpira.