Puma wa Colorado: niende mlimani na watoto au niache?

Mama Neema: Habari zenu ndugu. Tumehamia Fort Collins, jimbo la Colorado, Marekani, tukitokea Dar. Jirani katualika Jumamosi tukapande mlima Horsetooth, huko magharibi ya mji. Nasikia puma wapo, hawa paka wakubwa wa porini wanaoitwa simba wa milimani, na kwamba mwaka 2019 mkimbiaji alivamiwa hapohapo. Nina watoto, mmoja miaka minane, mwingine minne, na huyu mdogo hashikiki, anapenda kutangulia mbio. Mnanishauri nini?

Kimara Mwisho: Dada, baki nyumbani. Mnyama wa porini hana urafiki. Bustani za mjini zimejaa tele.

Baba Rehema: Mama Neema, nenda. Mimi naishi Loveland, mji jirani na wenu, njia hizo nazitembea kiangazi na baridi. Yule mkimbiaji alirukiwa na puma mchanga, wakakabana, akamkanyaga shingo mpaka yule mnyama akafa. Mkimbiaji mwenyewe alishuka kwa miguu yake, akashonwa nyuzi usoni. Kwetu Tanzania, kuanzia 1990 hadi 2004 simba waliua watu zaidi ya 560, wengi kule kusini. Puma hajafikisha hata nusu ya hapo Amerika Kaskazini nzima kwa zaidi ya miaka mia. Yeye windo lake ni kulungu.

Ninachokihofia mimi ni huyo mdogo wako. Kitu kidogo kinachokimbia peke yake ndicho kinachomwamsha puma. Asitangulie, asibaki nyuma, mshike mkono. Mkikutana na puma, mnyanyue mtoto haraka bila kuinama sana wala kumwondolea mnyama macho, kwa sababu mtu aliyeinama anaonekana kama mnyama wa miguu minne. Tanua koti, paza sauti, rudi kinyumenyume taratibu. Akiruka, pigana naye kwa jiwe, fimbo, chochote, na ukinge shingo. Usilale ukajifanya umekufa.

Na tafadhali usikimbie. Mwaka 2018, karibu na North Bend, jimbo la Washington, waendesha baiskeli wawili walimfukuza puma kwa kelele na kumpiga kwa baiskeli. Akaondoka, akarudi, akamng'ata mmoja kichwani. Mwenzake akatimua mbio. Puma akamwacha wa kwanza, akamfuata huyo, akamuua. Simlaumu marehemu hata kidogo, pale nani asingekimbia? Lakini ndiyo maana nasema watoto waambiwe mapema, nyumbani, kabla ya kupanda gari.

Mkiona mzoga wa kulungu umefunikwa majani, geuzeni hapohapo. Hicho ni chakula chake, na huenda yupo karibu.

Mama Neema: Asante sana kaka. Basi tutaanza saa nne asubuhi, siyo alfajiri kama alivyotaka jirani, maana nasikia puma hutembea zaidi kukiwa na kiza. Ile dawa ya pilipili ya kupulizia dubu, inamfaa na puma?

Baba Rehema: Inamfaa. Maduka ya vifaa vya kupanda milima wanayo. Ivae kiunoni, usiizike ndani ya begi chini ya chupa za maji. Na jirani akija na mbwa, amfunge kamba.